Afande Beldina na Mvua ya Kukodi

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla kamera haijatolewa kwenye begi lake, Mama Beldina huwapanga polisi wake kwenye ujia wa ghorofa ya sita na kuwakagua. Mshipi. Kofia. Viatu. Kidevu. Kwa wiki sita hakukosa hata siku moja, na polisi wenyewe, ambao ni waigizaji saba na mwosha magari mmoja wa kuazima, walimwogopa kuliko walivyowaogopa polisi wa kweli.

Wiki iliyopita, msomaji wangu, tulimwacha kwenye kidevu cha tatu wakati viatu vya kweli viliposikika vikipanda ngazi.

Unakumbuka basi. Inspekta mwanamke, sare kamili, nyota mabegani, karatasi mkononi. Akasimama mbele ya mama ambaye timu nzima ya tamthilia humwita Afande. Akamtazama juu mpaka chini. Kisha akatamka maneno yaliyougandisha ujia mzima:

“Mama Chai! Ni wewe?”

Mama Beldina akakiachia kile kidevu.

“Nzisa,” alisema polepole. “Umekuwa mtu mzima, mwanangu.”

“Mama Chai ni nani?” akauliza Sylvance.

Sylvance ndiye mwelekezi. Kwa wale mnaojiunga nasi leo, jueni tu kwamba alikwenda kusomea filamu miezi mitatu katika nchi ya barafu, na tangu arudi hajapata joto. Huvaa kofia ya sufu hapa mtaani kwetu Pipeline, Nairobi, mwezi wa Februari. Alirudi na imani moja: tamthilia ya uhalifu haiwi tamthilia mpaka mpelelezi wake aishi peke yake, asile chochote, asicheke na mtu, na anyeshewe. Maiti nayo lazima ipatikane majini. Alipoambiwa kwamba Pipeline haina ziwa, maiti ya sehemu ya kwanza ikapatikana kwenye dimbwi la wanaoosha magari. Ndiyo sababu ya yule mwosha magari.

“Mama Chai wetu!” Inspekta Nzisa aliendelea kwa furaha, bila kujua anabomoa nyumba ya mtu. “Nilipoletwa pale kituoni nikiwa konstebo mgeni, huyu ndiye aliyekuwa akipika chai na kupiga deki. Ndiye aliyenifundisha kufunga mshipi. Bila yeye ningerudishwa nyumbani wiki ya kwanza.”

“Alikuwa akipika nini?” Sylvance aliuliza tena, kama mtu anayetumaini jibu litabadilika.

“Chai. Na mandazi siku ya Ijumaa.”

Wa kwanza kucheka alikuwa Kadar. Huyu ndiye nyota wetu, anayeigiza Inspekta Mwamba, mpelelezi asiyecheka.

“Manze! Na vile amenifunza kutembea kama sanse, polisi wa kweli, wiki mbili!”

“Kadar, nyamaza,” Sylvance alisema. “Afande. Mama. Uliniambia ulikuwa polisi.”

“Sikukuambia hivyo hata siku moja. Uliniuliza nimefanya kazi kituoni miaka mingapi. Nikasema thelathini na mmoja. Si ni kweli, Nzisa?”

“Ni kweli kabisa.”

“Na ile ya kutafuna penseli huku unatazama dirishani?” Sylvance alimuuliza. “ Ulisema ndivyo wapelelezi hufanya!”

“Ndivyo hufanya.”

“Wapi?”

“Kwa TV ya Carolyne, msichana wangu. Wale wapelelezi wa nchi za theluji. Jumapili tukitoka kanisani tunawatazama mpaka chakula kinapoa.” Mama Beldina alijifunga leso vizuri. “Usinitolee macho, Sylvance. Mara ngapi nimekuambia vile mambo huenda kwa kituo chetu? Unasema, hapana Afande, hiyo haina uzito. Nikikupa ya TV unasema, eeh, hapo sasa! Nikaona kumbe mtoto anataka ya TV. Nikakupa.”

Naomba uelewe kilichotokea hapo, msomaji, maana Sylvance mwenyewe alihitaji kukalia ngazi ndipo aelewe. Kwa wiki sita alikuwa akiiga tamthilia za watu. Kila alipotaka uhakika alimuuliza mtaalamu, na mtaalamu alikuwa akiiga tamthilia zile zile.

Lakini Inspekta Nzisa hakuwa amepanda ngazi zote hizo kwa ajili ya salamu.

“Nani ndiye mkubwa hapa?” aliuliza. Tabasamu lilikuwa limeanza kwenda likizo.

Sylvance akainua mkono kama mwanafunzi.

“Tangu muanze kupiga picha hapa, kituo changu hakina amani. Mama mmoja wa hii ploti ameibiwa mtungi wa gesi. Konstebo wangu kufika, anakuta jikoni kumezungushwa utepe wa manjano. Watoto siku ya tatu wanakula mkate mkavu kwa sababu jiko haliguswi, eti alama za vidole zitaharibika! Mwingine ameniletea unywele kwa karatasi ya nailoni, anataka majibu ya DNA kabla ya saa sita. Nikamwambia, baba, andikisha OB kwanza, kile kitabu cha matukio, upewe namba. Unajua alinijibu nini?”

“Nini?”

“‘Mbona wale wa TV hawaandikishi OB?’”

Ujia ukaangua kicheko. Hata polisi wa bandia walicheka wakasahau kusimama wima.

Mmoja tu hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda nyuma ya pazia, daftari magotini. Huyo ni Awuor, mwandishi wa tamthilia, mwenye miaka ishirini na minne na cheti cha chuo kinachosema anaweza kuandika. Anaweza. Kisichoandikwa kwenye cheti ni kwamba hawezi kuita mhudumu hotelini. Akiletewa wali badala ya chapati, hula wali.

Awuor hakucheka kwa sababu alijua kinachofuata.

“Ruhusa ya kuvaa sare hizi,” Inspekta Nzisa alisema akiikunjua karatasi, “ilitolewa kwa sharti moja. Msimamizi awe afisa mstaafu. Hapa naona: ‘Inspekta Mstaafu Beldina Wanyonyi, miaka thelathini na mmoja kazini.’ Nani aliandika?”

“Ilijazwa na ofisi,” Sylvance alisema.

“Ofisi iko wapi?”

Vichwa kumi na vinne viligeuka vikaitazama ile kreti ya soda.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo. Siku ile ya fomu, Sylvance aliuliza cheo cha Mama Beldina. Awuor, jirani yake wa mlango kwa mlango ghorofa ya nne, alikuwa akikijua vizuri: hakuwa nacho. Alifungua mdomo aseme. Simu ya Sylvance ikalia. “Weka Inspekta,” alisema akiipokea, “anakaa Inspekta.” Awuor akatazama kalamu. Akamfikiria Mama Beldina, ambaye kazi hii ilimrudishia mwendo. Akamfikiria Sylvance, na jinsi uso wake huwa anapoambiwa hapana. Akaandika. Aliweka hata herufi kubwa.

“Mwandiko mzuri,” Inspekta Nzisa alisema. “Wa nani?”

Awuor alifungua mdomo.

“Mimi ndiye niliyesema iandikwe hivyo,” alisema Mama Beldina.

Haikuwa kweli, msomaji. Wewe unajua, mimi najua. Siku ile Mama Beldina hakuwa hata chumbani.

Inspekta Nzisa aliishusha karatasi. “Mama. Unajua unachokisema?”

“Nimepiga deki mbele ya ile kaunta miaka thelathini na mmoja. Najua watu huenda pale kufanya nini.”

“Kutoa habari za uongo kwa polisi si mchezo. Itabidi twende uandikishe taarifa.”

“Tutaenda. Lakini niache nimalize kazi ya leo. Leo ni mvua.”

“Mvua gani?” Inspekta aliitazama mbingu kupitia dirisha la ngazi. Ilikuwa kavu na nyeupe.

“Ya kukodi,” Kadar alieleza. “Inspekta Mwamba ananyeshewa akiwaza.”

Kitu fulani kikapita usoni mwa Inspekta Nzisa, haraka, kama paka anayekatiza ujia.

“Anawaza... akiwa amevaa lile koti refu, kama wale wa TV?”

“Lile refu.”

“Basi nitangoja,” alisema, akavuta kiti cha plastiki. “Kikazi.”

Kwa hiyo mambo yalisimama hivi. Mvua ikiisha, mama wa miaka sitini na mitatu, kiongozi wa akina mama kanisani, ataketi kama mshukiwa kwenye benchi alilolipangusa maisha yake yote, kwa neno ambalo hakulisema. Na aliyeliandika neno hilo yuko hatua nne kutoka hapo, na kalamu mkononi.

Awuor alimfuata ngazini wakati vyombo vikiteremshwa.

“Mama, kwa nini umesema hivyo?”

“Angalia hiyo ngazi, ina maji ya nguo.”

“Mama!”

“Awuor, wewe ni mtoto. Jina lako likiingia kwa kile kitabu utalikuta kila ukienda kutafuta kazi. Langu liko pale tangu zamani, kwa orodha ya sukari.”

“Lakini si wewe uliyesema.”

“Si mimi. Mimi nilikuambia wiki ya kwanza, waambie hawa watoto mimi nilikuwa wa chai. Ulisema utawaambia.”

“Nilikuwa natafuta nafasi nzuri.”

“Wiki sita!” Mama Beldina alisimama akamtazama. “Maharagwe yangekuwa yamechanua.”

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomchoma Awuor. Angekaripiwa angelia, na akilia angekuwa amefanya kitu. Badala yake Mama Beldina alimwondolea uzi begani, akashuka zake kwenda kutafuta mahali pa kuweka kikapu chake.

Chini, katika uchochoro kati ya ploti mbili za ghorofa, Sylvance alikuwa amesahau kila kitu isipokuwa mvua. Usimlaumu sana. Asubuhi hiyo alikuwa anakuja Magan.

Magan ni kijana nadhifu wa ofisi ya Nairobi ya wanunuzi, kampuni ya ng’ambo inayotafuta tamthilia za kuonyesha dunia nzima. Yeye akisema ndiyo, sehemu kumi zinatengenezwa. Akisema hapana, kila mtu anarudi kupiga video za harusi. Alikuwa ameshatazama sehemu mbili za mwanzo na kutuma ujumbe wa maneno manne: “Nzuri, lakini kuna kitu.” Sylvance hakulala siku mbili akikitafuta hicho kitu. Akaamua ni mvua. Haikuwa imenyesha vya kutosha.

Gari la maji liliegeshwa mdomoni mwa uchochoro. Pampu ikaunganishwa, mipira ikapandishwa paa la ghorofa ya nane, mabomba yenye matundu yakafungwa juu. Kadar akavaa koti. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba jasho lilimtoka kabla mvua haijamfikia.

Magan akafika, akapewa kiti kando ya Inspekta Nzisa, mbele ya kioo kidogo cha kutazamia picha. Akamdhania mwigizaji. “Sare imekukaa,” alimwambia. Inspekta alimshukuru.

“Kimya!” Sylvance alipaza sauti. “Kamera! Mvua!”

Sylvance alikuwa amepanga kila kitu. Alisahau kuuliza jambo moja tu, ambalo mtoto yeyote wa darasa la kwanza hapo angemjibu: mara ya mwisho mabomba ya Pipeline kutoa maji ilikuwa lini?

Ilikuwa Jumatatu. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Matone yalianza kushuka, mazito, yaking’aa juani. Inspekta Mwamba aliinua uso wa huzuni. Akawaza. Ilikuwa nzuri sana, nakuambia kweli. Ilikuwa nzuri kwa sekunde kumi na moja.

Dirisha likafunguliwa ghorofa ya tano.

“Maji! Wee, Mama Kaluki! Maji yamekuja kwa nje!”

Sijawahi kuona watu wakishuka ghorofa nane kwa kasi ile, na nimeishi hapa wakati wa tetemeko. Jerikeni za manjano, ndoo, karai, sufuria, beseni la kuogeshea mtoto. Mtu alileta bilauri. Katika nusu dakika mpelelezi asiye na rafiki duniani alikuwa amezungukwa na watu sitini.

“Kata!” Sylvance alipiga kelele. “Kata!”

“Nani huyo anasema maji yakatwe?” mama mmoja aliuliza kwa ukali, na Sylvance akarudi nyuma ya kamera.

Kadar, kwa sifa yake, hakuvunja uigizaji. Aliendelea kutazama mbali. Mama mmoja aligundua kwamba pindo la lile koti lilikuwa likichuruzika vizuri kuliko paa, akaweka ndoo chini yake.

“Baba, sogeza mguu kidogo. Hapo. Usitingishike.”

Mwingine alihitaji mikono miwili ya kushikilia beseni, akampa Inspekta Mwamba mtoto. Mtoto alilitazama lile koti, akaona ni zuri, akaingia ndani.

Kisha mambo yakaharibika. Wawili waligombania nafasi chini ya mfereji. Jerikeni ikavutwa huku na huku. Mtu akateleza, mtu akatukana mama ya mtu, na nikikuambia uchochoro ule ni mwembamba, jua ulikuwa mwembamba.

“Wenye watoto wachanga mbele!”

Sauti hiyo haikuwa ya juu. Haikuwa ile ya asubuhi ya kukagua videvu. Ilikuwa ya mtu aliyezoea kusema mara moja.

Mama Beldina alikuwa amesimama juu ya jiwe, leso imelowa, mkono mmoja umeinuliwa.

“Mstari mmoja. Jerikeni moja, ukijaza unarudi nyuma. Wewe wa kaptura, una mbili. Rudisha moja kwa nyumba. Shosho wa mkongojo, kaa hapo, utaletewa.”

Mstari ukajipanga. Usiniulize vipi.

“Yangu imeibwa!” kijana mmoja wa kike akalia. “Jerikeni yangu ya samawati!”

“Hata mimi!” mwanamke mwingine akaruka. “Hiyo ya samawati ni yangu. Imeibwa saa nne na dakika kumi na mbili, leo Ijumaa, mahali ni hapa mlangoni, na mwizi alikuwa wa urefu wa wastani!”

Mama Beldina alimtazama huyo wa pili kwa upole. Akamgeukia wa kwanza.

“Ilikuwaje, mama?”

“Aki nilikuwa nakaanga omena, nikasikia maji, nikazima stovu, nikakumbuka vitunguu sijaweka, nikawasha tena, nikasema wacha tu, nikashuka, nikaiweka hapa, sasa...”

“Ni yake,” Mama Beldina alisema. “Mpe.”

“Umejuaje?” yule wa dakika kumi na mbili aliuliza, uso ukimshuka.

“Mtu ameibiwa kweli, huanza na chenye alikuwa anapika. Anayekuja na saa na dakika amekuja amejipanga. Toa kwa leso yako, mama, inaonekana kona.”

Ikatolewa. Watu wakacheka, mwenye kuitoa naye akacheka kwa aibu, na mstari ukasogea.

Nyuma ya kamera hakuna aliyekuwa amekata. Mpiga picha alikuwa ameganda, kidole mbali na kitufe. Kwenye kioo kidogo kila kitu kilionekana: maji, jua, rangi za plastiki, mama juu ya jiwe, na kando kabisa, bila kazi yoyote, Inspekta Mwamba akimbembeleza mtoto.

Magan alikuwa amesimama wima.

“Huyo ni nani?”

Sylvance alifumba macho. “Nisamehe. Nitawaondoa wote. Tutarudia.”

“Nimekuuliza huyo mama ni nani?”

Naam, msomaji. Hapo palikuwa na njia mbili. Sylvance alimtazama Magan, akaona macho yanayong’aa. Si mtu mbaya, Sylvance. Ana timu ya watu kumi na wanne. Akachukua njia rahisi.

“Huyo ni Inspekta Beldina,” alisema. “Mstaafu. Mshauri wetu.”

“Inspekta? Wa hapa hapa? Mwanamke?” Magan alikuwa tayari ameshika simu. “Na mna huyu, halafu mnanionyesha mtu wa koti? Sylvance, wakubwa wangu wana wapelelezi wa koti mia tatu. Wamewajaza kabatini! Huyu hawana. Tunaanza upya na yeye. Na mwanzoni tunaandika: kutokana na maisha ya kweli ya Inspekta Beldina wa Pipeline. Nitafutie karatasi moja tu inayoonyesha cheo chake, niitume leo.”

“Karatasi,” Sylvance alisema.

“Yoyote. Ofisi yenu haina?”

Sylvance aligeuka taratibu kuitazama ofisi. Awuor alikuwa kando ya ukuta, nywele zimelowa, daftari kifuani.

“Awuor,” alimnong’oneza, akimsogelea kwa tabasamu lililotetemeka. “Andika ingine. Safi. Weka cheo, weka miaka, weka sahihi. Dakika mbili. Tafadhali, dada yangu. Hii ndiyo ile kubwa.”

Maji yakaisha kwenye gari. Matone ya mwisho yalidondoka, na kila mtu akachungulia ndoo yake.

Inspekta Nzisa alisimama, akapangusa sare. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na sidhani ni mvua.

“Mama Beldina,” alisema. “Imeisha. Twende.”

Magan akageuka. “Anaenda wapi?”

“Kuna mkutano,” Sylvance alisema upesi. “Wa maafisa wastaafu.”

Mama Beldina aliteremka kwenye jiwe. Akachukua kikapu chake, akalikamua pindo la leso yake, na kumpa mama wa mtoto mkono wa kwaheri. Watu walimpisha. Walidhani wanampisha Afande. Alipopita mbele ya Awuor alimrekebishia kola, kama mtu anayemwacha mtoto shuleni.

“Sio,” Awuor alisema.

Hakuna aliyesikia. Ilikuwa sauti ya kuomba chumvi.

Lakini Kweyu, fundi wa sauti, alikuwa bado amevaa vifaa vyake masikioni, na kinasa sauti kilikuwa kikining’inia juu ya kichwa cha Awuor. Akavua kimoja. Akatazama kulia na kushoto.

“Nani amesema sio?”

Sylvance alimtikisia Awuor kichwa, kidogo tu, kwa kumsihi. Magan alisimama na simu mkononi. Inspekta Nzisa alikuwa tayari amemshika Mama Beldina mkono, ule mshiko wa heshima ambao hata hivyo ni wa polisi.

Awuor alitazama chini. Alitazama juu, ghorofa nane za watu wameegemea vyuma vya madirisha.

“Mwandiko ni wangu,” alisema.

“Paza sauti,” mtu akasema kutoka ghorofa ya tatu. “Huku hatusikii.”

“Mwandiko ni wangu!” Sauti ilivunjika katikati, akaiokota akaendelea. “Mama Beldina hakusema iandikwe hivyo. Hakuwa hata chumbani. Alinituma niwaambie ukweli nikakaa nao wiki sita. Alikuwa akipika chai. Nilijua. Niliandika Inspekta kwa sababu niliogopa kusema hapana, na sasa amechukua kosa langu kwa sababu anajua bado naogopa.”

“Awuor,” Sylvance alisema kwa sauti ya mtu anayeona nyumba ikiungua, “huyu ni Bwana Magan.”

“Namwona. Bwana Magan, hakuna Inspekta Beldina. Hajawahi kuwepo. Kuna mama aliyekaa nyuma ya kaunta miaka thelathini na mmoja akiona nani analia na nani anajipanga, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemuuliza ameona nini. Hata sisi tulimuuliza kuhusu penseli. Mimi ndiye nilitaka kuandika hayo tangu mwanzo. Nikanyamaza, nikaandika koti.”

“Unaelewa,” Magan alisema taratibu, akiishusha simu, “kwamba fomu ya uongo kwa polisi inaweza kuifunga tamthilia hii yote? Leo hii?”

“Ninaelewa.”

Inspekta Nzisa alitoa kijitabu mfukoni. Hakukifungua. Alimtazama Mama Beldina, naye Mama Beldina alikuwa akimtazama Awuor.

Awuor aliweka daftari lake juu ya ndoo ya mtu. Akavuka uchochoro, maji yakimwingia viatuni, akamwondoa Mama Beldina mkononi mwa Inspekta, kidole kimoja kimoja, kwa heshima zote.

“Mama haendi,” alisema, na safari hii ghorofa ya nane ilisikia. “Neno lile ni langu. Nitakwenda nalo mimi.”